Ringi Ipi Itadumu Nalasi?

Soko la korosho linapofunguliwa, kazi kubwa kusini mwa wilaya ya Tunduru hufanywa na baiskeli. Bodaboda zimeenea, lakini mafuta ni fedha, na si kila nyumba ina pikipiki. Gunia moja la korosho ghafi lina kilo 80 hivi. Hufungwa kwenye keria kwa vipande vya tyubu kuukuu, likapelekwa kwenye ghala la chama cha msingi kusubiri mnada. Keria hiyohiyo hubeba salfa ya kupulizia mikorosho, madumu ya maji, mtoto wa shule, na usiku ikibidi, mgonjwa. Uzito wote huo huishia kwenye ringi ya nyuma.

Kwa hiyo mtu wa Nalasi mwenye fedha ya mauzo mkononi, anayetaka baiskeli ya gia, ile ya milimani, ana swali zito. Achukue ringi ya 26, ya 27.5 au ya 29? Au aachane na gia, abaki na 28 ya mizigo waliyoitumia wazee wake? Akikosea hapa Nalasi, hana duka la jirani la kumwokoa. Songea, makao makuu ya mkoa wa Ruvuma, iko mbali kiasi kwamba hakuna atakayeifuata kwa ajili ya tairi moja.

Mimi nina jibu langu na nitalitoa. Lakini kwanza nataka hoja zipambane. Wanaozungumza hapa chini nimewatunga; sikuwapa majina, nimewapa kazi zao. Kikao nimekiweka chini ya mwembe, mbele ya banda la fundi baiskeli.

Kijana: Mjomba Fundi, shikamoo. Naomba nianze, maana ni mimi ninayesemwa. Nilinunua Dar es Salaam baiskeli ya ringi 29, mtumba wa Ulaya, nikaipakia kwenye basi mpaka Tunduru mjini. Tangu nifike nasikia neno moja tu, kwamba haitadumu huku. Naomba nielezwe ni kwa nini. Ringi ya 29 imeizidi ya 26 kwa kipenyo cha milimita 63. Gurudumu kubwa likikuta jiwe au mzizi, hulikuta kwa pembe ndogo, likapanda. Gurudumu dogo hugonga. Kinachopinda ringi ni kugonga. Sasa isiyogonga sana si ndiyo itakayodumu?

Fundi: Marahaba, mwanangu. Mwalimu, amesema kweli?

Mwalimu: Kwenye pembe amesema kweli. Na kwenye shimo vilevile, kwa sababu gurudumu kubwa huzama kidogo kuliko dogo. Waendesha baiskeli wa mbio za milimani wengi duniani wamehamia 29, nao wanapimwa kwa sekunde. Hawakuhama kwa mapambo.

Fundi: Basi na mimi niseme la kwangu. Chukua ringi mbili, habu ya aina moja, idadi ya spoku ileile. Ya 26 itakuwa ngumu zaidi kupinda kwa ubavu. Spoku zake ni fupi, na kutoka ukingo wa habu mpaka kwenye ringi zimetanuka zaidi. Spoku ndefu hukaribia kusimama wima, na ubavu wake unakuwa dhaifu. Baiskeli hainiletei shida inapokwenda moja kwa moja. Huniletea shida gunia linapoegemea upande mmoja kwenye mteremko. Yako ina spoku 32 nyuma, nimezihesabu. Hii 28 ya mizigo ya mama huyu mkulima ina 40 nyuma na 32 mbele. Waliotengeneza 28 walijua ringi kubwa inataka spoku nyingi. Waliotengeneza yako walijua atapanda mtu mmoja mwenye chupa ya maji.

Kijana: Lakini mjomba, ringi yangu ni ya alumini, tena ya kuta mbili. Ya mama ni chuma cha ukuta mmoja.

Fundi: Kuta mbili ni nguvu kweli, hapo sikupingi. Na mvua ikinyesha, breki za mpira hushika vizuri kwenye alumini na kuteleza kwenye chuma. Ila chuma kikibonyea nakirudisha kwa nyundo na gogo. Alumini nikiinyoosha mara mbili inapasuka.

Mkulima: Mwanangu, mimi sina ugomvi na pembe yako ya jiwe. Huku kwetu mawe yenyewe ni machache. Mikorosho inapenda kichanga, na njia ya shamba langu ni kichanga mpaka uone barabara. Hii 28 inabeba, sikatai. Imezaa nami na kulea nami. Lakini tairi lake ni jembamba. Kiangazi kikikolea, gunia likiwa nyuma, tairi linazama, nashuka nasukuma. Masika nayo ni tope. Nataka baiskeli isiyozama. Kwa hilo nani ananijibu?

Mwandishi aingilie hapa, kwa kuwa mama ameligeuza swali na kuliweka mahali pake. Tunapozungumzia saizi ya gurudumu, namba ya kwanza huteka masikio yote: 26, 28, 29. Namba ya pili, upana wa tairi, ndiyo inayoamua mambo kwenye kichanga. Tairi la 28 la mizigo lina upana wa inchi moja na nusu, milimita 40 hivi. Tairi la gia la 26 kwa 2.125 lina milimita 54. Tairi pana huweka uzito juu ya eneo kubwa zaidi la ardhi na hukubali upepo mdogo zaidi bila kubanwa. Kwenye kichanga cha Nalasi, upana huo unamsaidia mama kuliko milimita 63 za kipenyo anazojivunia kijana.

Fundi: Mama, umepewa jibu, nami naongeza. Usilegeze upepo nyuma kwa sababu ya kichanga. Watu hufanya hivyo, kisha wananiletea tyubu yenye matundu mawili yaliyokaa sambamba, wanasema ni mwiba. Mwiba hutoboa tundu moja. Matundu mawili ni ringi imeibana tyubu ikiwa juu ya mzizi, tairi halina upepo, gunia limekaa. Pancha hiyo umeitafuta mwenyewe. Mbele legeza kidogo, nyuma jaza. Ubavuni mwa tairi wameandika mwisho wa upepo linaoweza kubeba. Usipite hapo, na ukiwa na mzigo usishuke mbali na hapo.

Mkulima: Na spoku? Msimu uliopita zilikatika nyuma, moja leo, nyingine kesho.

Fundi: Ulizikaza lini?

Mkulima: Sijawahi kuzikaza.

Mwalimu: Hapo pana jambo ambalo watu wengi hulielewa kinyume. Wanadhani spoku hukatika kwa kuvutwa sana. Mmarekani Jobst Brandt aliandika kitabu kizima juu ya gurudumu la baiskeli, kikatoka mwaka 1981, akaonyesha kwamba uzito ukikaa kwenye habu, spoku zilizo chini ndizo zinazolegea, na gurudumu likizunguka kila spoku inapata zamu yake ya kulegea na kukazwa tena. Chuma kinachochezeshwa hivyo maelfu kwa maelfu ya mara huchoka, kikakatika kwenye kona, pale kinapoingia kwenye habu. Spoku iliyokazwa vizuri huchezewa kidogo. Iliyolegea huchezewa sana.

Fundi: Mimi sikusoma kitabu hicho, lakini kila spoku iliyokatika niliyoishika ilikatikia hapohapo kwenye kona, na nyingi ni za upande wa cheni. Mama, kabla ya msimu niletee. Nazigonga kwa kidole, nasikiliza sauti. Za upande mmoja zikilia sawa, nenda. Ikilia moja nzito, hiyo imelegea.

Kijana: Sasa nauliza jambo dogo. Yangu ikikatika spoku, si natumia ya 28? Ni ndefu zaidi, ninaikata tu.

Fundi: Na hesi utaikata pia? Hesi ya spoku iko nchani, pale inapoingia kwenye kofia yake. Ukifupisha umeondoa hesi. Kuipiga upya kunahitaji kifaa, nami sina, na sijui wa karibu aliye nacho. Spoku za 26 na za 28 ziko dukani kwa mafungu. Za 29 utaagiza.

Wakati huo mhudumu wa afya ngazi ya jamii amefika akikokota baiskeli, tairi la nyuma limefungwa kwa kamba.

Mhudumu wa afya: Hamjambo wote. Fundi, mimi nina 26, ile mnayoisifu, na nimekwama vilevile. Niliinunua imetumika, ya Kijapani, nyepesi, nzuri. Tairi likaisha, nikaagiza la 26, likaja. Halikuingia. Muuzaji anasema 26 ni 26.

Fundi: Lete nisome. Hapa ubavuni pameandikwa 26 kwa 1 na 3/8. Na ulilonunua?

Mhudumu wa afya: 26 kwa 1.95.

Fundi: Ndipo ulipoumizwa, dada yangu. Mwalimu, mweleze.

Mwalimu: Namba za inchi ni za kale, na zilipimwa nje ya tairi, si kwenye ringi. Kila nchi na kila kiwanda kilikuwa na kawaida yake. Ndiyo maana kuna 26 zaidi ya moja. Ya baiskeli ya gia, iliyoandikwa kwa nukta, kama 1.95 au 2.10, inakaa kwenye ringi ya milimita 559. Yako, iliyoandikwa kwa sehemu, 1 na 3/8, inakaa kwenye ringi ya milimita 590. Tofauti ni milimita 31. Hakuna fundi atakayelivuta tairi liingie. Ziko na 26 nyingine, za 571 na 584. Zote zinauzwa kwa jina la 26.

Mhudumu wa afya: Kwa hiyo nukta na sehemu si kitu kimoja? Moja na robo tatu si sawa na 1.75?

Mwalimu: Darasani ni sawa. Kwenye tairi hapana. Tairi la 26 kwa 1.75 ni la ringi ya 559. La 26 kwa 1 na robo tatu ni la 571. Mwanafunzi wangu akiandika hivyo nampa alama. Muuzaji akikuuzia hivyo amekupotezea nauli.

Kijana: Na 28 na 29?

Fundi: Hiyo ndiyo inayowashangaza zaidi. Ringi ya 28 ya mizigo ina milimita 635. Ringi yako ya 29 ina 622. Inayoitwa ndogo ni kubwa kuliko inayoitwa kubwa. Siku moja utaishiwa tairi, utaliona la 28 dukani, utafikiri litabana kidogo na kuingia. Litaingia kirahisi mno, litapwaya, na ukilijaza upepo litaruka kwenye ringi na kupasua tyubu.

Nataka msomaji akae hapa kidogo, kwa sababu hili ndilo linaloibia watu wa vijijini fedha zao kila siku, nami linaniuma. Dawa yake ipo, tena imechapwa kwenye matairi yenyewe. Shirika la Ulaya la viwango vya matairi na ringi, ETRTO, lilianzishwa mwaka 1964, na mfumo wake ukaingia katika kiwango cha kimataifa cha ISO 5775. Ubavuni mwa tairi, mara nyingi kwa herufi ndogo zaidi kuliko zile za inchi, utaona namba mbili zenye kistari katikati. Kwa mfano 54-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa. Namba ya pili ikilingana na ya ringi yako, tairi litaingia. Isipolingana halitaingia, liwe limetoka China, India au Ujerumani, na muuzaji aape kwa lolote. Kwa baiskeli zinazoonekana Tunduru, namba za kukariri ni chache: 559 kwa gia ya 26, 590 kwa Kijapani nyembamba, 584 kwa 27.5, 622 kwa 29, na 635 kwa 28 ya mizigo.

Tyubu husamehe zaidi. Ya 26 ikivutwa inaweza kukaa ndani ya tairi la 29 na kumfikisha mtu nyumbani. Tairi halina msamaha huo.

Kijana: Nimekubali kuhusu namba. Lakini sijakubali kuhusu 26. Mnanishauri ninunue kitu kinachokufa. Mwalimu, wewe unafuatilia. Baiskeli za gia za bei kubwa huko nje, nani bado anatengeneza ya 26?

Mwalimu: Wachache mno. Wacha nieleze ilikotoka, maana 26 haikuchaguliwa na wataalamu. Kiwanda cha Schwinn cha Chicago kilitoa matairi mapana ya inchi 26 mwaka 1933, kwa baiskeli nzito za vijana wa Marekani. Miaka ya 1970 vijana wa kaunti ya Marin, California, wakaziokota baiskeli hizo kuukuu na kuanza kuteremka nazo mlima Tamalpais. Walizitumia kwa sababu ndizo zilizokuwa na matairi mapana. Joe Breeze, Gary Fisher na Tom Ritchey wakajenga fremu mpya kwa ringi ileile, na kampuni ya Specialized ilipotoa baiskeli ya Stumpjumper mwaka 1981 ikaieneza duniani. Tairi la kwanza la kweli la 29 kwa milimani lilitoka 1999. Mwaka 2012, Nino Schurter wa Uswisi alishinda mbio za Kombe la Dunia huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, akiwa na 27.5, na mwaka huohuo Jaroslav Kulhavý wa Cheki akachukua dhahabu ya Olimpiki London kwa 29, Schurter akiwa wa pili. Baada ya hapo, kwa miaka michache tu, viwanda vikubwa viliiondoa 26 kwenye baiskeli zao za bei ya juu.

Kijana: Mmesikia wenyewe. Mitumba ya leo ni baiskeli walizonunua Wazungu miaka kumi na zaidi iliyopita. Mitumba ya kesho itakuwa 29 tupu. Na sasa barabara ya Songea, Namtumbo, Tunduru hadi Masasi ni lami. Kinachoingia Dar es Salaam leo kinafika Tunduru bila kusubiri kiangazi. Baada ya miaka kumi mtakuja kwangu kuomba tairi.

Hiyo ndiyo hoja bora ya kijana, na isipuuzwe. Lami inabadilisha duka la vipuri kuliko inavyobadilisha safari.

Fundi: Mwanangu, nikuulize. Hii 28 ya mama, Uingereza bado wanaipanda?

Mwalimu: Kiwanda cha Raleigh cha Nottingham, kilichotuzoesha baiskeli za namna hiyo, kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na kabla ya hapo, kwa miaka mingi Waingereza wenyewe hawakuwa wakizinunua.

Fundi: Na tairi lake umeshawahi kulikosa hapa?

Kijana: Hapana. Liko kila duka.

Fundi: Basi. Wazungu waliiacha wakati mimi kijana. Wahindi na Wachina hawakuiacha, kwa sababu wakulima wao na sisi tuliendelea kuinunua. Saizi haifi kwa kuachwa na wenye mbio. Hufa wanaobeba mizigo wakiiacha. Na 26 ya 559 imo kwenye baiskeli za watoto wa shule, za gia za bei ndogo, za wanawake, za Wachina na Wahindi.

Mwalimu: Kuna ushahidi mwingine. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, lilibuni baiskeli ya Buffalo kwa ajili ya vijiji vya Afrika. Keria yake imetengenezwa kubeba kilo 100. Inaunganishwa Kisumu, Kenya, na pia Zambia na Malawi. Wahandisi wale walikuwa na uhuru wa kuchagua ringi yoyote. Walichagua 26 yenye tairi pana.

Kijana: Lakini hao walileta na mafundi na vipuri vyao. Hawakutegemea duka la kijijini.

Mkulima: Mwanangu, hapo umejijibu. Walijua baiskeli bila kipuri ni chuma cha kuegemeza ukutani.

Kijana hakujibu mara moja, na mimi pia ningenyamaza. Alichokisema mwenyewe ndicho kiini cha jambo lote: wale walionunua uhakika walinunua mtandao wa vipuri, baiskeli ikafuata nyuma. Goma nako, mashariki mwa Kongo, chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, inadumu kwa sababu hiyohiyo. Gurudumu lake ni la mbao lililovishwa mpira wa tairi kuukuu, kwa hiyo aliyelitengeneza anaweza kulitengeneza tena palepale.

Mhudumu wa afya: Na hii ya 27.5 iliyo katikati?

Fundi: Sina la kusema. Tairi lake sijaliona dukani hapa.

Mwalimu: Nami nina moja tu. Inauzwa kama nusu ya njia kati ya 26 na 29, lakini ringi yake ya 584 imezidi ya 26 kwa milimita 25 tu, na imepungukiwa na ya 29 kwa 38. Unapata taabu ya kuagiza kama mwenye 29, na faida kidogo kuliko yake.

Kijana: Nimalizie na miiba. Yangu inaweza kutumia tairi bila tyubu, na maji ya mpira ndani yanayoziba tundu lenyewe. Miiba ya migunga haitanisumbua.

Fundi: Nimeyasikia maji hayo. Kwa joto hili hukauka baada ya miezi michache, yanataka kuongezwa, na kulikalisha tairi kwenye ringi kunataka upepo wa kishindo ambao pampu ya mkono haiutoi. Nani atakujazia porini? Halafu tazama vali yako. Ni ile nyembamba. Tundu la ringi ni milimita sita na nusu. Tyubu zilizoko hapa zina vali nene, kama ya gari, inayotaka tundu la milimita nane na nusu. Tutatoboa ringi yako ili iingie. Nitaitoboa vizuri na kupiga tupa kingo zisikate vali, lakini nataka ukubali kabla sijashika msumari wa kutobolea.

Kijana: Nimekubali. Toboa.

Mkulima: Njia ya kwangu inapakana na pori. Tembo hupita. Ninyi mnazungumza kuhusu vali na upepo. Mimi nazungumza kuhusu jua linazama, gunia liko chini, na ringi imejikunja.

Maneno ya mama yana uzito kamili. Ushoroba wa wanyama wa Selous na Niassa unapita katika wilaya za Namtumbo na Tunduru, na watu wa huko wanajua maana ya kukwama njiani jioni. Gurudumu linalodumu, kwa mtu kama huyu, ni lile ambalo likiharibika leo linarudi barabarani leo. Mengine yote, wepesi, mwendo, pembe ya jiwe, yanakuja baadaye.

Basi natoa hukumu yangu. Anayenunua baiskeli ya gia Nalasi achukue ringi ya 26 yenye namba 559. Nyuma ahesabu spoku 36, siyo chini. Ringi iwe ya alumini ya kuta mbili akiipata. Akikosa, chuma kizuri kinatosha. Tairi liwe kati ya 1.95 na 2.125, na kabla ya kulipa alizungushe gurudumu aone kama pana nafasi ya kidole kati ya tairi na fremu kila upande, kwa sababu tope la masika linataka nafasi hiyo. Vali iwe nene. Anayebeba gunia kila siku kwenye barabara ngumu asishawishike na gia. 28 yenye spoku 40 bado ni mnyama wake wa mzigo. Na mwenye 29 asiiuze kwa hasara. Aagize tairi moja la akiba, tyubu mbili na spoku za urefu wake, azikabidhi kwa fundi kabla hazijahitajika, kisha aipande kwa raha, kwa sababu njiani inakwenda vizuri kweli.

Kwa wanaoshusha mitumba Dar es Salaam na kuisambaza mikoani nina ombi moja: kwenye kila baiskeli mnayoipanga barazani, andikeni kwa chokaa namba ya milimita ya ringi pembeni ya bei. Ni kazi ya dakika moja, na itamwokolea mtu wa Nalasi nauli ya kwenda na kurudi Tunduru mjini. Na wewe msomaji unayekwenda dukani kesho, inama, lifute tairi vumbi, usome namba iliyo baada ya kistari. Isiposomeka, usitoe fedha.